Wastani wa Gasabo Haumlishi Mtu wa Rutunga

Umeshazoea, mwenzangu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, umekwisha, majembe yako chini, mmekaa kwenye nyasi mnamsikiliza kiongozi. Anasoma karatasi: maji wilaya yetu imefika asilimia hii, umeme asilimia ile, umaskini umeshuka hadi hapa. Watu wanapiga makofi. Na wewe unapiga. Bomba la kwenu lina siku nne halijatoa tone, lakini viganja vinagongana tu.

Asilimia hiyo ni ya nani?

Hujauliza. Unaondoka na jembe begani ukijiambia kwamba labda ni wewe peke yako uliyesahauliwa, labda mtaa wenu una mkosi. Amka, ndugu yangu! Mtaa wenu hauna mkosi wowote. Mtaa wenu umejumlishwa.

Sisemi namba ni ya uongo. Ingekuwa ya uongo nisingejisumbua, maana njia ya mwongo ni fupi, angeshikwa mapema. Namba ni ya kweli. Karani alibisha hodi nyumba kwa nyumba, akaandika alichoambiwa, hesabu ikafanywa na watu waliosoma wakasomea. Hakuna aliyedanganya, na bado wewe umedanganyika. Hilo ndilo lililonimaliza uvumilivu.

Kabla ya karani kubisha hodi, kuna mtu alishika kalamu akachora mpaka. Mpaka huo ndio ulioamua ujumlishwe na nani na ugawanywe kwa nani. Ukijumlishwa na tajiri, una nafuu kwenye karatasi. Ukijumlishwa na hohehahe mwenzako, shida yako inaonekana. Wewe ni yuleyule, paa ni lilelile, deni la dukani ni lilelile. Kilichobadilika ni mpaka tu.

Mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Basi tuangalie kisu kilipita wapi.

Chukua wilaya ya Gasabo, hapa Kigali. Sensa ya Agosti 2022 iliwakuta humo watu 879,505, nusu ya Kigali nzima, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 430. Ndani ya Gasabo mna Kacyiru na Kimihurura: wizara, balozi, ukumbi mkubwa wa mikutano unaowaka rangi usiku. Ndani ya Gasabo hiyohiyo mna Rutunga, ambako mtu analima akiangalia ziwa Muhazi, na mna Gikomero, na mna Nduba ambako taka za jiji zima zinakwenda kulala. Gawanya watu kwa eneo, utapata kama watu 2,050 kwa kilomita ya mraba. Haya, nionyeshe mtaa wa Gasabo ulio hivyo. Kimironko? Wamebanana kuliko hapo. Rutunga? Migomba mingi kuliko watu. Wastani huo hauna mtu. Ni namba isiyo na mwenyewe, na juu yake tunapanga shule, zahanati na barabara.

Wilaya ya Nyarugenge ndiyo usiseme. Sekta ya Gitega, kipande kidogo ambacho mtu mwenye miguu mizuri anakizunguka kabla chai haijapoa, nyumba zimekaliana mabegani. Sekta ya Mageragere, wilaya hiyohiyo, ni vilima na mashamba. Ukizichanganya na wenzao unapata wilaya yenye watu kama 2,800 kwa kilomita ya mraba, na mpangaji mipango anaitazama namba hiyo anasema: wako sawa, hawajabanana sana. Njoo ulale Gitega usiku mmoja!

Halafu njoo kwetu. Mimi ni mtu wa upande wa Nyamirambo, na Nyamirambo ya watu si Nyamirambo ya karatasi. Ukimwomba dereva wa pikipiki akupeleke Nyamirambo, atakupitisha Biryogo, msikitini, kwenye nyama choma na chai ya maziwa, hadi juu kabisa. Kwenye karatasi Biryogo si Nyamirambo. Sekta hukatwa katika seli, na seli katika midugudu, na Biryogo ni seli ya sekta ya Nyarugenge. Na ndani ya sekta hiyo ya Nyarugenge kuna seli gani nyingine? Agatare, Rwampara, na Kiyovu. Ndiyo, Kiyovu, ya mabenki na mahoteli, ya Mille Collines, ya miti mikubwa na lami isiyo na shimo.

Biryogo na Kiyovu, kapu moja!

Umeona kilichofanyika? Toa takwimu za sekta ya Nyarugenge, halafu nitafutie humo mama wa Agatare anayeshuka ngazi za udongo na ndoo kichwani wakati wa masika. Humwoni. Amefunikwa na Kiyovu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini hapa ni zaidi ya hapo: aliyeshiba anahesabiwa kwa niaba ya mwenye njaa, na mwenye njaa anaambiwa ameshiba nusu.

Wako watakaosema nakuza mambo. Haya, twende Nyarutarama.

Kila mtu wa Kigali anajua Nyarutarama ni nini. Seli ya sekta ya Remera, wilaya ya Gasabo, nyumba ambazo geti la moja tu lingejenga nyumba yako. Lakini ndani ya seli hiyohiyo ya Nyarutarama mlikuwa na Kangondo na Kibiraro, midugudu ambayo jiji zima liliiita Bannyahe. Miaka yote ile, ukiuliza hali ya seli ya Nyarutarama, ulipewa jibu la watu wawili waliopatanishwa kwa nguvu: mwenye bwawa la kuogelea na mwenye choo cha pamoja. Jina la Bannyahe lenyewe ni kilio cha kukosa choo. Wastani haukulia.

Kisha Bannyahe ikabomolewa. Septemba 2022, wiki chache tu baada ya usiku wa sensa, nyumba za mwisho ziliangushwa, na watu wake walikwisha kupangiwa makazi Busanza, sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro. Kesi, malalamiko, hoja za usalama wa mteremko, hayo yamesemwa sana na siyarudii. Ninachotaka utazame ni hesabu. Siku maskini wa Nyarutarama alipovuka kwenda Kicukiro, wastani wa Nyarutarama ulipanda. Nani alitajirika siku hiyo? Hakuna hata mmoja. Sufuria zilipakiwa kwenye gari, mpaka ukavukwa, na seli ikaonekana imeendelea.

Si mara ya kwanza. Kiyovu ilikuwa na upande wake wa chini, Kiyovu cy'abakene, Kiyovu ya maskini. Mwaka 2008 watu wake waliondolewa, wengi wakapelekwa Batsinda, huko Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Kiyovu ikang'aa. Jedwali likang'aa. Na Batsinda? Batsinda ilimezwa na ukubwa wa Gasabo, ikafichwa ndani ya watu laki kadhaa. Kwa hiyo umaskini ulitoka mahali ulipoonekana ukaenda mahali usipoonekana, na kila jedwali njiani likasema ukweli. Lisome tena hilo uone kama utalala.

Na kipimo chenyewe cha umaskini kinaishia wapi? Uchunguzi mkubwa wa hali ya maisha ya kaya, ule tunaouita EICV, hufika kaya kama elfu kumi na tano nchi nzima, na umesanifiwa utoe majibu hadi ngazi ya wilaya. Basi. Hapo ndipo macho yake yanapokoma. Ule wa 2016/17 ulisema umaskini Kigali ni asilimia 13.9 wakati nchi nzima ni 38.2. Magazeti yakaandika, sisi tukasoma, tukaamini kwamba Kigali ni kitu kimoja. Asilimia 13.9 ya Kimihurura au ya Gikomero? Ya Kiyovu au ya Agatare? Uliyesoma hukuuliza. Aliyeandika naye hakuuliza, na mimi naona aibu kwa niaba ya fani yangu.

Usidhani hili ni la Kigali tu au la leo. Mwaka 1934 Wamarekani wawili, Gehlke na Biehl, walishaona kwamba ukikusanya vipande vidogo kuwa vikubwa, uhusiano kati ya namba huelekea kuonekana mkubwa kuliko ulivyokuwa. Mwaka 1979 wanajiografia wawili wa Uingereza, Stan Openshaw na Peter Taylor, wakafanya jambo lililopaswa kuwakosesha usingizi wakuu wote wa mipango duniani. Walichukua kaunti 99 za jimbo la Iowa, Marekani, wakauliza: penye wazee wengi, ndipo penye kura nyingi za chama cha Republican? Kwa kaunti zote 99 kipimo cha uhusiano kilikuwa kama 0.35, yaani upo lakini mnyonge. Wakaziunga kaunti zilezile katika makundi sita. Kwa mpangilio mmoja kipimo kikashuka hadi 0.27. Kwa mpangilio mwingine kikaruka hadi 0.86. Wakaendelea kuikata Iowa kwa kompyuta kwa njia chungu nzima, wakapata karibu jibu lolote walilolitaka: wazee wanaipenda Republican mno, wazee wanaikimbia mno.

Wazee walewale. Kura zilezile.

Fundi cherehani yeyote wa Nyamirambo hahitaji chuo kikuu kulielewa hilo. Kitenge ni kilekile, mkasi ndio unaotoa gauni au matambara. Na mkasi una hila mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa kipande: jibu la mudugudu si jibu la sekta, la sekta si la wilaya. Ya pili ni mahali unapopita: hata vipande vikiwa na ukubwa uleule, ukisogeza mkato barabara moja kushoto, Biryogo inatoka kwa Kiyovu inaingia kwa Rwezamenyo, na namba za pande zote mbili zinabadilika kabla hujaweka mkasi chini.

Sasa sikiliza yetu sisi.

Mkesha wa mwaka 2006 nchi hii ilikuwa na mikoa 12, wilaya 106, sekta 1,545 na seli 9,165. Mwaka ulipoingia ikawa na mikoa minne na Jiji la Kigali, wilaya 30, sekta 416 na seli 2,148. Sababu zilikuwa na uzito wake: kusogeza madaraka kwa wananchi, na kuachana na majina yaliyobeba damu ya mauaji ya kimbari ya 1994. Sipingi mageuzi hayo, na asiyejua yalikotoka asiyacheke. Napinga usingizi uliofuata.

Wenye umri wanaikumbuka Gikongoro. Udongo wake uliochoka, njaa zake. Ilikuwa ikitajwa miongoni mwa mikoa maskini kabisa. Mwaka 2006 ikaunganishwa na Butare na Gitarama ikawa Mkoa wa Kusini. Gikongoro haikutajirika usiku ule. Iliondoka kwenye jedwali la mikoa, ikagawana wastani na majirani zake wenye vyuo na masoko. Ukitaka kujua kama ngazi ya mkoa ilipiga hatua tangu 2000, unalinganisha nini na nini? Kipande cha zamani hakipo. Kipya hakina utoto.

Kigali yenyewe je? Hapa nishike mkono tupige hesabu pamoja. Sensa ya 2002 iliikuta Kigali na watu 603,049. Mipaka ilipopanuliwa na vipande vya mkoa wa zamani wa Kigali-Ngali kuingizwa, wataalamu wakahesabu upya watu wa 2002 ndani ya mipaka mipya: 765,325. Watu zaidi ya 162,000 wamekuwa wana wa jiji bila kuhamisha godoro! Sensa ya 2012 ikakuta 1,132,686. Sasa Kigali ilikua kwa kasi gani katika miaka ile kumi? Ukishika mpaka wa zamani kwa mwanzo na mpya kwa mwisho, asilimia 88. Ukishika mpaka mmoja pande zote, asilimia 48. Anayetaka kukutisha kwa wimbi la wahamiaji atachukua ya kwanza. Anayetaka kukutuliza atachukua ya pili. Wewe utachukua ipi, usiyejua kwamba kuna mbili?

Na lile la miji ndilo lililonichekesha hadi nikakasirika. Sensa ya 2002 ilisema karibu asilimia 17 ya Wanyarwanda wanaishi mijini. Ya 2012 ikasema 16.5. Yaani miaka kumi ya kreni za ujenzi, ya maghorofa, ya watu kumiminika Kigali, halafu miji imepungua? Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mwaka 2022 asilimia ikaruka hadi 27.9. Je, nchi ililala miaka kumi kisha ikakurupuka? La. Maana ya mji ilibadilika, na mahali mpaka wa mji ulipopita palibadilika. Benki ya Dunia ilipotazama nyumba zilivyotapakaa kwa kutumia picha za setilaiti, bila kujali sana mpaka wa kiutawala, katika ripoti yake ya 2017 ilisema wa mijini walishapita robo ya watu wote. Nchi moja, watu walewale, na mtu anaweza kukuhutubia kwa namba yoyote kati ya hizo, akaapa, asiwe mwongo.

Hata ndani ya Jiji la Kigali, sensa ya 2012 iliwaandika karibu robo ya wakazi kuwa watu wa vijijini. Mwana wa jiji, mtu wa kijijini, kichwa kimoja!

Unaona ni mchezo wa wasomi? Basi shuka nami Nyabugogo, pita Giti cy'Inyoni, vuka daraja la Nyabarongo. Hapo ng'ambo ni Ruyenzi. Asubuhi watu wa Ruyenzi wanamiminika Kigali kufanya kazi, jioni wanarudi kulala. Wanakula Kigali, wanauza Kigali, foleni yao ndiyo foleni yetu. Kwenye karatasi wao ni Kamonyi, Mkoa wa Kusini. Wa Nyamata na Ntarama ni Bugesera, Mashariki. Wa Muyumbu ni Rwamagana, Mashariki pia. Wa Shyorongi ni Rulindo, Kaskazini. Jiji moja la watu limekatwa na mto na kalamu, likatawanywa kati ya Jiji la karatasi na mikoa mitatu. Ukijumlisha Kamonyi yote, wa Ruyenzi wanaipandisha Kamonyi ionekane imechangamka, huku mkulima wa ndani kabisa akifunikwa na mshahara wa mtu ambaye hata hamjui. Na foleni ya darajani inapohesabiwa, jiji linasema hao si wangu.

Januari 2021 Kigali ilipofungwa kwa sababu ya korona, mpaka ule wa karatasi ukawa mpaka wa unga. Mtu wa Ruyenzi alilala Kusini na kazi yake ikalala Kigali. Virusi havikusoma ramani, watu walilazimika kuisoma. Julai mwaka huohuo wakafunga Kigali pamoja na wilaya nane, Kamonyi ikiwamo, na safari hii ikafungwa Kamonyi nzima, kuanzia Ruyenzi ya daladala hadi vilima ambavyo mgeni hafiki. Wilaya ndiyo ilikuwa kipimo, basi wilaya nzima ikala pigo. Natoa heshima kwa wale waliojaribu kufunga midugudu michache michache mwaka 2020. Walau walikumbuka kwamba kipande kinaweza kuwa kidogo.

Ugonjwa wowote una kitendawili hicho. Mtu wa Muyumbu akishikwa na malaria akavuka kuja hospitali ya Masaka, iliyo Kicukiro, anahesabiwa juu ya mstari wa nani? Na chini ya mstari tunagawanya kwa watu wa wapi? Ukikosea hapo, Kicukiro inaonekana inaungua na Rwamagana inaonekana imepona, na dawa inapelekwa kulikoungua kwenye karatasi.

Kodi ya ardhi umeisahau? Sheria ya 2018 iliweka kati ya faranga 0 na 300 kwa mita ya mraba, mabaraza yakaachiwa kupanga kiwango kulingana na mahali. Watu walipiga kelele hadi sheria ya 2023 ikashusha kikomo kuwa faranga 80. Vizuri. Lakini neno lile "mahali" bado lipo, na mahali ni nini kama si mpaka uliochorwa na mtu? Mwenye kiwanja juu penye lami na mwenye kiwanja bondeni wanaweza kuwa mahali pamoja kwa kalamu na dunia mbili kwa miguu.

Halafu kuna imihigo. Kuanzia 2006 mameya walisaini ahadi zao mbele ya Rais, na wilaya zikapangwa kwa nafasi, ya kwanza hadi ya mwisho. Wazo la mtu kuahidi na kuulizwa ni zuri, nalipenda. Lakini fikiria kama meya. Una kaya mia zisizo na umeme: tisini ziko kando ya barabara, kumi ziko kileleni ambako nguzo zitagharimu mno. Unapimwa kwa wastani wa wilaya. Utaanza wapi? Utaanza barabarani, utamaliza barabarani, utapokea pongezi za asilimia tisini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wale kumi wa kileleni watasubiri hadi waje kuwa aibu ya mtu, na kwa wastani hawatakuwa aibu ya mtu kamwe.

Na kichekesho kingine: tangu sheria ya 2019, wilaya tatu za Kigali hazina tena hadhi ya kisheria ya kujitegemea, mamlaka yamekwenda jijini. Wilaya imebaki kivuli, lakini majedwali bado yanakatwa kwa kivuli hicho.

Majirani wameshalipia somo hili. Kenya, katiba yao ya 2010 iliunda mfuko wa kusawazisha kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma. Sera ya kwanza ilichagua kaunti 14, Turkana, Mandera, Lamu, Kwale na wenzao. Ukiwa fukara ndani ya kaunti isiyo fukara, pole yako. Sera ya pili ikateremka chini, ikaacha kaunti ikashika vipande vidogo: maeneo 1,424 yaliyoachwa nyuma, na yamo katika kaunti 34. Kutoka 14 hadi 34! Kaunti ishirini zilikuwa na watu wa kusaidiwa waliokuwa wamefunikwa na wastani. Fedha zenyewe zilivyosuasua kufika ni hadithi nyingine chungu, lakini walau swali liliulizwa. Sisi tumeliuliza lini?

Najua jibu utakalopewa ukiinua mkono. Utaambiwa vipande vidogo vinayumba. Ni kweli. Mudugudu wetu una watu kama 900 kwa wastani, na vifo viwili vya ziada mwaka mmoja vinaweza kuufanya uonekane una tauni. Utaambiwa pia kwamba ukishuka sana utamwanika mtu, kila jirani atajua mwenye ukimwi ni nani. Ni kweli vilevile, na anayelichukulia hilo kwa mzaha asiguse takwimu. Lakini mwenye hoja hizo asizifanye pazia. Ugumu wa kukata vizuri haukupi ruhusa ya kukata ovyo, na zaidi haukupi ruhusa ya kunyamaza kwamba umekata. Toa namba ya wilaya, sawa. Ila andika pembeni yake: kipande chake cha juu ni hiki, cha chini ni hiki, na umbali kati yao ni huu. Hilo halimwaniki mtu yeyote. Linamwanika wastani.

Na wewe, msomaji, usijifiche nyuma ya gitifu, yaani katibu mtendaji wako. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukipewa asilimia ya wilaya, uliza ya sekta. Ukiambiwa tumepanda, uliza kama mpaka wa mwaka juzi ndio wa leo. Ukiona mtaa umetajirika ghafla, uliza waliokuwa wakiishi hapo wamehamia seli gani. Hayo si maswali ya profesa. Ni ya mtu anayelipa kodi.

Mimi nina ombi moja kwa wanaotunza namba za nchi hii, na naliomba hadharani ili lisifie mezani. Kigali ya kweli imegawanyika kwa mwinuko kabla ya kugawanyika kwa Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge. Kileleni ni lami na ofisi. Katikati ya mteremko ni nyumba za kupanga. Bondeni ni maji, na mvua ikinyesha maji hayabishi hodi. Mkata mipaka hupenda bonde, kwa sababu mto ni mstari wa bure, na kwa kufanya hivyo analipasua katikati lile hasa lililopaswa kubaki zima. Tazama bonde la Mpazi, lilivyogawanywa kati ya Gitega, Kimisagara, Muhima na wengine. Mafuriko ni mamoja, lakini kila sekta inahesabu ukingo wake, kila ukingo ni sehemu ndogo ya sekta, na hakuna jedwali hata moja ambamo watu wa Mpazi ni wengi.

Tukateni upya. Sensa ya 2022 iliwafikia wote, na makazi yao yanajulikana, mudugudu kwa mudugudu. Tupeni Kigali kwa mwinuko: kilele peke yake, mteremko peke yake, bonde peke yake. Nani ana maji ndani, nani ana choo chake, mtoto wa nani anafika sekondari. Jedwali moja, safu tatu. Tuanze na Mpazi.